Mashine inajizima hovyo baada ya kubadilisha prosesa, nipo Arusha, msaada wakuu

chalii_wa_sakina
Habari zenu wakuu. Nina desktop naitumia kuediti video, wateja wangu wengi ni kampuni za utalii hapa mjini, wale wa kupeleka wageni Tarangire na Ngorongoro, na sasa hivi ni hai sizini kazi zimebanana ndo mashine imeamua kunifanyia vituko. Ilikuwa na Ryzen 5 2600 kwenye mazabodi ya B450, RAM GB 16 (8 mbili za 3200), kadi GTX 1660 Super, pawa saplai imeandikwa 600W ila ni zile zisizo na jina la maana. Ilikuwa nzima kabisa, shida ilikuwa kurenda tu (kutoa video ya mwisho) inachukua muda. Nikapata Ryzen 7 5800X yuzdi kutoka Dar ikaja na basi, dogo mmoja wa dukani akanifungia, hitisinki na feni ni zilezile za zamani.

Toka hapo nikianza kurenda inaenda vizuri halafu pap, giza, inajiwasha yenyewe kama mtu kachomoa waya ukutani. Na saa nyingine usiku nimekaa tu nachati WhatsApp hakuna kazi yoyote ya maana inayoendelea, inaleta skrini ya bluu WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Aliyeniuzia anaapa kwake ilikuwa inapiga kazi. Niirudishe au kuna vitu vya kuangalia kwanza? Ila naombeni msiniambie ninunue mashine nyingine, hela yote imeishia hapo.

mangi_pasua
Umepigwa hapo. Yuzdi ya kutumiwa kwenye basi hujaiona ikiwaka mbele yako, utarudishiwa na nani sasa

ngaramtoni_finest
Piga Windows upya mwanangu, ukibadilisha prosesa lazima upige Windows

fundi_rau
Chalii wangu, Windows acha kwanza. Windows ikichafuka inaleta skrini ya bluu, inastaki, inagoma kuwaka, ila haizimi mashine giza totoro katikati ya kazi, hiyo ni habari ya umeme ndani ya boksi.

Halafu naomba utenganishe haya mambo mawili maana naona umeyaweka kwenye kapu moja. Kuzima ukiwa unarenda ni ugonjwa mmoja. Skrini ya bluu ukiwa umekaa huna kazi ni ugonjwa mwingine. Yanaweza kuwa na chanzo kimoja lakini usianze kwa kuamini hivyo, watu wengi wanazunguka mwezi mzima kwa sababu hiyo, anatibu hili lile linabaki anasema dawa haijafanya kazi, anarudi mwanzo.

Sasa nipe vitu hivi:
Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System, tafuta WHEA-Logger namba 18, hiyo ni taarifa ya kosa la hadiwea. Ikiwepo isome mpaka chini kuna sehemu inaandika Processor APIC ID, niambie ni ngapi na kama inajirudia ileile. Kernel-Power 41 utaiona nyingi sana, hiyo usihangaike nayo, inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa vizuri, jambo ambalo unalijua tayari.
Weka HWiNFO uangalie joto ukiwa unarenda.
Toleo la bayosi (programu ya ndani ya mazabodi) ni la mwaka gani.
Na fungua ubavu wa mashine upige picha stika ya pawa saplai, sitaki hiyo 600W ya juu, nataka ule mstari wa 12V una ampia ngapi.

mzee_wa_kijenge
Nyie mnahangaika na mabayosi, huo ni umeme wa ukutani. Huku kwetu ikifika saa moja jioni taa zinafifia zenyewe, kila mtu kawasha jiko na hita ya maji. Nunua stabilaiza.

fundi_rau
@mzee_wa_kijenge mzee wangu shikamoo. Umeme kushuka upo sikatai, na pawa saplai nzuri inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 so taa zikififia yenyewe haijali, zile za bei chee ndo zinataka 200 kwenda juu. Lakini angesema inazima jioni tu ningekuunga mkono. Huyu inazima akirenda, saa yoyote. Halafu stabilaiza za rilei zile zinazolia tak tak, kila ikilia umeme unakatika kidogo, pawa saplai nzuri inavumilia kama milisekunde 16, mbovu haivumilii, unakuwa umenunua tatizo jipya.

mzee_wa_kijenge
Marahaba. Haya ngoja alete majibu.

chalii_wa_sakina
Nimerudi wakuu. WHEA-Logger 18 zipo nyingi, zinasema Cache Hierarchy Error na APIC ID ni 6, moja moja ni 7. Joto nikiwasha Cinebench, ile programu ya kupima prosesa, linapanda 90 hapohapo na linaganda 90. Bayosi ni ya mwanzoni 2021. Stika imeandika 12V 20A.

mangi_pasua
Digrii 90 na baridi hii ya mwezi wa saba Arusha? Ungekuwa huku Moshi ungechomea mahindi

fundi_rau
Hahaa mangi bwana. Ila 90 sio inayomzimia, ndo kikomo alichowekewa 5800X na AMD, akifika hapo anapunguza spidi mwenyewe anaendelea na kazi. Hiyo hitisinki ni ile fupi iliyokuja na 2600 ya wati 65, 5800X ni ya wati 105 na kwenye mazabodi anaruhusiwa kuvuta mpaka 142, ndo maana kwenye boksi lake hakuna feni kabisa, wanategemea ununue ya maana. Kwa hiyo unapoteza spidi uliyoilipia. Ila hauzimi kwa hiyo.

Sasa piga hesabu ya stika. Volti 12 mara ampia 20 ni wati 240. Hiyo ndo pawa saplai yako, 600 ni ya kwenye karatasi. Prosesa 142, kadi ya 1660 Super 125, jumla 267 na hujaweka feni wala diski. Zamani na 2600 ulikuwa unapita kwa shida bila kujua. Programu ya kuediti kama Resolve ikianza kurenda inaamsha prosesa na kadi kwa pamoja, pawa saplai inajitoa.

Kuhakikisha bila kununua kitu: ingia bayosi tafuta Eco Mode weka 65W, prosesa atabanwa kwenye wati 88. Renda kazi ileile. Isipozima, mchawi umemjua.

mama_stationery_njiro
Mwanangu wa Sakina mimi nina mashine ya kuprintia hapa ofisini ina pawa saplai nzuri ya 650W ya Corsair, Jumapili hatufungui. Njoo uijaribie, ila uirudishe jioni, Jumatatu kuna wanafunzi wa kuprinti ripoti.

chalii_wa_sakina
Shikamoo mama, asante sana, nakufuata inboksi.

fundi_rau
Nilisahau. Ukiwa unasubiri apdeti bayosi, hiyo ya mwanzoni 2021 ni ya kipindi B450 ndo zinaanza kupokea Ryzen 5000, nyingi zilikuwa beta. Shusha kwenye saiti ya waliotengeneza mazabodi, jina lifanane mpaka herufi ya mwisho, fleshi iwe FAT32, ufanyie ndani ya bayosi yenyewe. Na ufanye ukiwa na UPS, hapo kwenye umeme mzee wa Kijenge yuko sahihi, ukikatika katikati mazabodi inakuwa kigae. Ukimaliza weka setingi zote za kiwandani, XMP (setingi ya kuikimbiza RAM kwa spidi yake kamili) zima kwanza.

ngaramtoni_finest
Na Windows?

fundi_rau
Windows iache ngaramtoni 😂

chalii_wa_sakina
Wakuu ripoti. Na Eco Mode haikuzima kabisa, nimerenda video ndefu ya kampuni moja imeisha. Nikaenda kwa mama Njiro nikafunga pawa saplai yake, Eco nikaitoa, nikawasha Resolve mpaka feni inalia kama trekta, haijazima. So ya kwanza imeisha, nasaka pawa saplai. Bayosi nimeapdeti pia.

Ila ya pili ipo palepale. Usiku nimeiacha imewaka nimeenda kula, narudi nakuta imejirestati, WHEA 18, APIC ID 6. XMP ilikuwa imezimwa, na MemTest86 ya kupima RAM niliiachia usiku kucha haikuona kosa hata moja. Ilikuwa bado na pawa saplai ya mama (mama samahani uliniongezea siku).

fundi_rau
Basi RAM tumeitoa, pawa saplai tumeitoa, bayosi tumeitoa. Amebaki prosesa mwenyewe.

Hii chip ina viini 8 na kila kimoja kina namba mbili, kwa hiyo 6 na 7 ni kiini kimoja, kiini namba 3 ukihesabu kuanzia 0. Makosa yangekuwa yanarukaruka leo 2 kesho 11 ningesema mazabodi. Kung'ang'ania palepale ina maana hicho kiini ni dhaifu. Na kinaanguka ukiwa huna kazi kwa sababu kazi ikiwa ndogo, kiini kimoja kinaruka juu sana peke yake, zaidi ya spidi ya wakati wa kurenda, kinataka volti ambayo hakipewi ya kutosha.

Nenda bayosi, PBO, Curve Optimizer, hapo ndo unaongeza au kupunguza volti za viini, chagua kwa kiini kimoja kimoja, vingine viache 0, namba 3 weka Positive 5. Kila hatua ni kama milivolti 3 mpaka 5, hutaunguza kitu. Ikirudia weka 8, halafu 10. Ikipita hapo ikiwa bado inaanguka mrudishie mwenyewe, usimuonee aibu.

mangi_pasua
Nilisema kapigwa nikaonekana mchawi

fundi_rau
Umesema kweli nusu mangi. Kwa jamaa inawezekana ilikuwa inafanya kazi kweli, kama yeye ni mtu wa gemu mashine haikai bure, hawezi kuliona hilo.

chalii_wa_sakina
Positive 5 ilipunguza, 8 imetulia. Nimerudisha XMP pia na bado imetulia, naiacha inawaka usiku kwa makusudi na Event Viewer haina kitu kipya. Jamaa wa Dar nimemtumia picha zote za makosa, kaguna kidogo halafu kakubali kurudisha elfu hamsini, naongezea kwenye pawa saplai. Mpaka ipatikane natumia Eco 65W, na kusema kweli kurenda imepungua kidogo tu tofauti na nilivyoogopa, ila nikinunua hitisinki ya maana nitaitoa.

Fundi wa Rau Mungu akubariki mkuu, nikishuka Moshi nakutafuta.

ngaramtoni_finest
Ile 2600 unaiuza?

chalii_wa_sakina
Njoo na elfu tisini, pini zote zimenyooka, na utaiona ikiwaka mbele yako.