Naomba ushauri: maji ya kisima yanatoka na kutu

Habari zenu wakuu. Najitolea kama fundi kwenye shirika la wahandisi Wakristo linalochimba visima vya pampu ya mkono kwa jamii maskini. Kisima kimoja tulikikabidhi kwa sala na vigelegele. Miezi minane baadaye watu wamerudi mtoni. Maji yanatia madoa nguo na yana ladha ya chuma. Siwalaumu.

Tumepima: vijidudu hakuna, pH (kipimo cha utindikali; chini ya 7 maji yana tindikali) ni 5.9. Tumesafisha kisima kwa klorini, wapi! Kinachonitatiza, asubuhi ndoo za kwanza ni nyekundu kabisa, ila wakishapampu kama nusu saa maji yanakaribia kutakata. Mimi nashuku mabomba ya chuma yenye zinki, maana maji ya pH chini ya 6.5 huyala. Wenzangu wanasema chuma kinatoka kwenye mwamba, tujenge chujio la mchanga.

Je, kuna njia rahisi ya kuthibitisha chanzo kabla hatujagusa sadaka za watu? Na kama ni mabomba, kwa kina cha mita 40 niweke ya plastiki au chuma cha pua? Kumbukeni kamati ya maji ndiyo itakayoyafungua baadaye, tena kwa mikono.