Msaada: kuzalisha mbegu adimu za asili kwenye msimu mfupi wa kaskazini

KitaluKidogo: Wakuu, salaam. Huku kaskazini, kati ya jalidi (baridi inayogandisha mimea) ya mwisho na ile inayofunga msimu, nina siku 110 hivi. Nimepata mbegu adimu za asili: nyanya 20, maharagwe ya kutambaa 30, na maboga ya aina mbili. Lengo ni mbegu kwanza, kula baadaye. Nianzeje, na jalidi ikiwahi nifanyeje?

Mpuraji: Kwanza kabisa, usipande zote. Weka nusu akiba, maana usiku mmoja wa jalidi unaweza kufuta aina nzima.

Nyanya sia ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya mwisho, maboga wiki 3. Maharagwe yapande moja kwa moja udongo ukifika nyuzi 15. Chini ya hapo huoza.

Halafu funga uzi kwenye matunda na maganda ya mwanzo kabisa ya mimea yenye afya. Hayo ndiyo ya mbegu. Wengi hula ya mwanzo wakaachia mbegu ya mwisho, kumbe ya mwisho ndiyo jalidi inayoyakuta mabichi.

Pepeta: Naongezea upande wa maharagwe. Jalidi huua mbegu ikiwa bado na maji mengi. Iliyokauka haidhuriki kirahisi. Jalidi ikitabiriwa wakati maganda yameshakuwa ya njano na kulegea, ng'oa shina zima, lining'inize kichwa chini ndani penye hewa. Pura baada ya wiki mbili au zaidi. Gonga punje moja kwa nyundo: ikipasuka vipande imekauka, ikibondeka bado. Zilizokauka zikae kwenye friza siku 5 kuua fukusi. Ukizigandisha zikiwa na unyevu unaua mbegu.

Nyanya zilizoanza kubadili rangi zivune ziivie ndani, mbegu zitaota. Zile ndogo ngumu za kijani achana nazo.

KitaluKidogo: Ahsanteni sana. Ute wa nyanya je? Na hayo maboga hayatachanganyika?

Mpuraji: Kamulia mbegu na ute wake kwenye gilasi, zichachuke siku 2 au 3 penye joto la kawaida, ukikoroga kila siku. Zikizidi hapo zinaanza kuota humohumo. Ongeza maji, mwaga zinazoelea, osha zilizozama, anika kwenye sahani. Karatasi zitaigandia. Joto lisizidi nyuzi 35, kwa hiyo oveni hapana.

UaJike: Maboga angalia kikonyo. Kigumu chenye kingo tano ni *Cucurbita pepo*. Cha mviringo, laini kama kizibo, ni *Cucurbita maxima*. Hizo mbili ni nadra kuchanganyika. Yakiwa jamii moja, nyuki watayachanganya, na hutajua mpaka mwaka unaofuata.

Chavusha kwa mkono. Jioni tafuta maua dume na jike yaliyoanza kuonyesha njano nchani, yafunge ncha kwa utepe wa gundi. Asubuhi mapema chuma dume mawili matatu kutoka mashina tofauti ya aina ileile, ondoa petali, fungua jike, paka chavua, kisha lifunge tena na uweke alama. Fanya hivyo kwa maua jike ya mwanzo, kwani boga linahitaji siku 50 hivi shambani baada ya hapo. Ukishavuna liache wiki 3 au 4 kabla ya kulipasua. Mbegu huendelea kujaa humo ndani.

Pepeta: Kuhifadhi: chupa ya kioo isiyopitisha hewa, silika jeli (punje za kunyonya unyevu) uzito sawa na mbegu, siku 7, kisha toa silika. Hapo friza ni salama. Siku ya kutumia, acha chupa ipate joto la chumba kwanza, ndipo uifungue. Ukifungua ya baridi, mvuke hutua juu ya mbegu zote, hata ulizotaka kuzirudisha. Andika jina la aina na mwaka ndani ya chupa na nje pia, lebo hubanduka.