Mtoto kavunjika juu ya kiwiko, mapigo ya kifundo cha mkono hayasikiki: nimfunge vipi kabla ya rufaa?

Tabibu_Zahanati:
Habari za kazi wakuu. Msimu wa maembe ndio huu, watoto wanaanguka mitini. Mtoto wa miaka 6 akiletwa kiwiko kimevimba na kupinda, mapigo ya radiali (ya kifundo cha mkono) hayapatikani lakini vidole vina joto, na hospitali ya rufaa ni mwendo wa saa 3, nimvute mkono kwanza? Nifunge P.O.P (plasta ngumu ya jasi) kiwiko kikiwa nyuzi 90? Na neva (mishipa ya fahamu) nazipimaje kwa mtoto anayelia?

Mifupa_na_Viungo:
Usimfunge nyuzi 90. Mtoto akianguka na kutanguliza kiganja, humerasi (mfupa wa mkono wa juu) hukatika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mfupa ni mwembamba. Kipande cha chini hurudi nyuma, ncha kali ya kile cha juu huchomoza mbele na kuisukuma ateri ya brakiali (mshipa mkuu wa damu wa mkono) na neva ya mediani. Ukikunja kiwiko kilichovimba, unaibana zaidi ateri ambayo tayari imepinda.

Mpe parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, na asile kitu kwa sababu huenda akaingia theta (chumba cha upasuaji). Weka pamba ya kutosha, kisha plasta ya upande wa nyuma tu, kutoka karibu na kwapa hadi kwenye kiganja, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 30 hadi 40. Zungushia bandeji bila kukaza, vidole vyote vibaki wazi. P.O.P ya kuzunguka mkono mzima hapana kabisa.

Baada ya kufunga, bonyeza ukucha na kuachia: damu irudi ndani ya sekunde 2. Mkono wenye joto usio na mapigo unapewa rufaa ya haraka, na mara nyingi mapigo hurudi mfupa ukishapangwa theta. Mkono uliopauka na kupoa ni dharura ya dakika hizo hizo. Hapo ndipo unaruhusiwa kuunyoosha taratibu ufuate mstari wake, mara moja tu, ukiangalia kama damu inarudi. Usirudierudie kuvuta.

Neva_Tatu:
Kuhusu neva, pima na uandike KABLA ya kufunga. Usipoandika, hakuna atakayejua kama neva iliumia kwenye ajali au kwenye matibabu.

Mwambie aunde duara kwa ncha za dole gumba na kidole cha shahada. Ncha zisipokunjika, vidole vikagusana bapa, tawi la mbele la neva ya mediani limeumia. Tawi hili ndilo huathirika zaidi katika mvunjiko wa aina hii, na hupitwa kirahisi kwa kuwa halihusiki na hisia za ngozi: mtoto hana ganzi popote. Kunyanyua dole gumba juu ni neva ya radiali, kutanua vidole ni ya alna. Akilia, mpe kitu akishike halafu tazama vidole vinavyofanya kazi. Usichoweza kupima, andika "haikupimika", usiandike "kawaida".

Tabibu_Zahanati:
Asanteni sana. Njiani niangalie nini?

Mifupa_na_Viungo:
Maumivu. Nyoosha vidole vyake polepole wewe mwenyewe. Akipiga kelele kwa uchungu wa kwenye kigasha, au dawa iliyomtuliza mwanzoni haimtulizi tena, shinikizo ndani ya misuli linapanda. Usisubiri mapigo yapotee, hayo hupotea mwishoni kabisa. Misuli ikikosa damu kwa takribani saa 6 huanza kufa, kisha hukakamaa na vidole hubaki vimejikunja maisha yote, hali aliyoieleza daktari wa upasuaji Mjerumani Richard von Volkmann mwaka 1881. Ndiyo maana vijiti vilivyokazwa na waunga mifupa vinatutia hofu. Mtoto akija navyo, fungua kwanza, maswali baadaye.

Dalili hizo zikitokea garini, kata bandeji na pamba mpaka ngozi ionekane, punguza mkunjo wa kiwiko, mkono ulale usawa wa moyo, usiuning'inize juu. Piga simu theta iandaliwe mkiwa bado barabarani. Kwa hiyo anayemsindikiza lazima awe na mkasi na ajue kuutumia.