Skuli imtayarishe mtoto kwa lipi?

Mama Micheweni: Assalamu alaykum kutoka Micheweni, Pemba. Binti yangu yuko kidato cha 2. Juzi kanikariria tabaka za udongo, hakukosa hata neno. Nikamuuliza, mbona mwani wangu mnene ninaoufunga kwenye kamba baharini ukageuka mweupe na kukatika bahari ikipata joto? Kimya. Na karafuu nazo, mwaka huu zazaa, mwakani hazizai. Sasa anasomea nini?

Mkaa Wete: Wampeleke pwani na kipimajoto, mama! Sie tulikariri, leo naendesha bodaboda.

Mwalimu wa Chake: Taratibu jamani. Nina watoto 90, kipimajoto kimoja, nacho kimepasuka. Jumamosi nawaleta huko kwa daladala, nauli yangu.

Mama Micheweni: Karibu mwalimu. Njoo maji yakitoka, kamba zipo.