Naomba ushauri: Wild Coast kwa basi na begi mgongoni

Wakuu habari zenu, nataka kwenda Wild Coast, ule ukanda wa pwani kule Afrika Kusini, sina gari, ni basi na begi la mgongoni tu. Shida ni kwamba mabasi makubwa yanapita barabara kuu ya N2, yanakushusha mji wa Mthatha mbali kabisa na bahari, kwahiyo mpaka pwani, Coffee Bay au Port St Johns, inabidi udandie zile haisi, nazo mpaka zijae. Nikifika Mthatha jioni nilale hapo au usafiri bado upo?

Halafu nataka nitembee ule ufukwe kwa mguu nifike Hole in the Wall, lile jabali lenye tundu mawimbi yanapita katikati, ila mito kibao haina daraja inavukwa maji yakipwa, sasa begi mnavusha vipi lisilowe? Aliyepita huko anisaidie, naitaka sana hii safari.