Tupeane uzoefu: uliona nini kwenye kura za maoni za CCM, zile za kupata wagombea?

Kinyozi wa Sanawari
Wakuu, leo nimemnyoa mtia nia mmoja wa 2020. Nikamuuliza, vipi mzee, utajaribu tena? Akanyamaza mpaka namaliza ndevu. Nikaukumbuka ule msemo wa mwaka ule wajumbe wa chama walipopiga kura, "wajumbe si watu wazuri". Waliogombea, wapambe, wajumbe wenyewe, mwageni. Wasifu gani ulimbeba mtu, sera gani ilimzamisha?

Chalii wa Ngarenaro
Wa kwetu alikuwa konda wa vifodi. Wenzake walikuja na shahada, yeye akasimama akasema, "Nataka maji yasiyo na floraidi," kisha akatabasamu meno yote nje. Ya kahawia kama yetu, kazi ya floraidi. Hakuna aliyeuliza swali. Kapita.

Bibi Kahawa
Hahaha, meno ndiyo ilani.

Meku wa Mgombani
Mmenikumbusha msiba wa ukoo. 2020 kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alitia nia udiwani huku mlimani. Yuko Dar miaka ishirini, huku tunamwona Desemba tu, anapanda na gari lake kuja kula Krismasi. Mwaka ule akaja Juni. Majirani wakajua kuna jambo.

Mbuzi wawili, mbege pipa zima, supu ya kisusio mpaka mabakuli yakaazimwa kwa jirani. Wajumbe wakala, wakamwita "mheshimiwa". Kwenye daftari lake alikuwa na alama ya vema kwenye majina arobaini na moja.

Siku ya siku, ukumbini, akajieleza vizuri mno. Biashara, safari za nje, mkakati wa kilimo cha parachichi wa kurasa kumi na mbili, umejalidiwa. Ikafika zamu ya maswali. Bibi mmoja wa mstari wa mbele, kilemba cha kijani, akainuka taratibu: "Mwanangu, debe la mahindi pale Mbuyuni leo ni shilingi ngapi?"

Kaka akasema inategemea na hali ya soko.

Bibi hakukaa. "Na mfereji wa hapo juu kwenu, umekauka tangu lini?" Kaka akageuka kumtazama mama yake. Mama mkubwa akainamisha uso, akawa anahesabu mistari ya kanga yake. Nilikuwa nimekaa nyuma yake tu, nilimsikia anasema "Yesu wangu".

Kura mwaka ule zilihesabiwa hadharani, kila karatasi inasomwa kwa sauti. Kaka alipata moja. MOJA. Na yeye si mjumbe.

Sasa msiba wenyewe: mama mkubwa ni mjumbe, na shangazi yetu naye ni mjumbe. Kila mmoja anaapa kwamba ile kura aliipiga yeye. Mpaka leo hawasalimiani.

Mama Ndizi Nyama
Uwii! Ni mama. Mama hawezi.

Chalii wa Ngarenaro
Ni shangazi. Mama ndiye anayemjua vizuri, angempaje?

Wakili wa Kijiweni
Mnacheka, lakini mbuzi wale walikuwa rushwa.

Mama Ndizi Nyama
Takrima tu, wageni hawalali njaa.

Wakili wa Kijiweni
Sheria iliyoruhusu takrima ilifutwa na Mahakama Kuu 2006, dada.

Mama Ndizi Nyama
Kaiambie mbege.

Mzee wa Tawi
Tuache utani kidogo. 2015 CCM wanachama wote walipiga kura matawini, watu wakalalamika. 2020 ikarudi kwa wajumbe, watu wakalalamika. 2025 wapiga kura wakaongezwa, haya. Na hata ukiongoza, yale ni maoni, vikao vya juu vinaweza kumteua wa tatu. Ushauri wangu kwa watia nia: usiwaite nyumbani. Wafuate kwao, mmoja mmoja, kaa chini, usiongee sana.

Kinyozi wa Sanawari
Mzee, ukimfuata mmoja mmoja kila mmoja atakuomba nauli. Bora mbuzi, unamaliza kwa siku moja.

Bibi Kahawa
Mie nasema rudi nyumbani miaka mitano kabla, uzike watu, uchangie harusi, upande migomba. Au usigombee kabisa, hiyo hela nunua ng'ombe wa maziwa.

Mzee wa Tawi
Meku, nimerudi kusoma kisa chako. Umesema ulikaa nyuma ya mama mkubwa. Huku kwetu wapambe siku ile walibaki nje ya uzio, ukumbini waliingia wajumbe. Wewe uliingia kama nani?

Mama Ndizi Nyama
Eheee!

Chalii wa Ngarenaro
Kumbe wajumbe kwenye ukoo walikuwa watatu.

Kinyozi wa Sanawari
Meku? Mbona kimya?

Meku wa Mgombani
Wakuu, umeme huku umekatika, simu ina chaji asilimia mbili. Na mimi mbuzi nilikula kama wengine.