Naomba ushauri: kumpeleka mama mkwe Kitulo Desemba hii, nipitie Chimala au Isyonje?

Mgeni wa Uyole:
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimehamia Uyole, hapa Mbeya, kikazi mwaka huu, na sikukuu za mwisho wa mwaka tutampokea mama mkwe wangu kutoka Tanga pamoja na shemeji zangu wawili. Mama ni mtu wa pwani ambaye hajawahi kufika Nyanda za Juu Kusini, na tangu mke wangu amtumie picha ya maua ya Hifadhi ya Kitulo, kila tukiongea kwa simu anaulizia siku ya kwenda. Nimemwahidi kwamba Jumamosi inayofuata Krismasi tutapanda, tutalala Matamba, karibu na hifadhi, na Jumapili tutarudi. Ninaomba mnisaidie jambo moja tu: nipande kwa njia ya Chimala yenye zile kona 57, au nipitie Isyonje na Kikondo? Gari langu ni dogo, la otomatiki, na tutakuwa watu watano ndani. Nitashukuru mkinijibu mapema, kwa sababu siku hizi silali vizuri nikiifikiria safari hii.

Binti Kinga:
Karibu kwetu, kaka, na umechagua mwezi mzuri. Maua ya Kitulo huanza kufunguka mvua zinapoanza Novemba na huendelea mpaka Aprili, kwa hiyo mama yetu atayakuta. Watu wengi huja Julai kwa sababu barabara ni kavu, kisha wanalalamika kwamba wameona majani makavu na umande ulioganda. Uwanda ule uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na hifadhi, ambayo ilianzishwa rasmi mwaka 2005, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 413. Sisi tunaiita Bustani ya Mungu. Mwambie mama asitazame mbali tu, kwa maana okidi nyingi ni fupi na hujificha kwenye majani. Ni lazima ushuke kwenye gari, uiname, ndipo uone kwamba ua moja lenye ukubwa wa ukucha lina madoa ya zambarau yaliyopangwa kwa mistari. Ninawaomba sana msing'oe hata moja. Viazi vya okidi zetu vimechimbwa kwa miaka mingi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na kuna mabonde niliyoyajua utotoni yakiwa yamejaa maua ambayo leo yana nyasi tupu.

Mzee wa Tukuyu:
Mwanangu, kwa nini umpeleke mama wa pwani kwenye baridi ile? Mteremshe Rungwe. Kutoka Uyole utapanda safu ya Uporoto, kisha utashuka katikati ya migomba na mashamba ya chai huku Mlima Rungwe wenye mita 2,960 ukiwa kando yako, na barabara yote ni ya lami. Mwonyeshe Daraja la Mungu, pale mwamba ulipojitandaza juu ya Mto Kiwira na watu wakavuka bila mkono wa fundi yeyote kuhusika, kisha mpeleke Kijungu aone mto huohuo ukiingia kwenye shimo la mwamba na kutokea upande wa pili. Ziwa Ngozi liacheni, maana kule ni kupanda kwa miguu msituni na si kwa mtu mzima.

Mkitaka kulala, nendeni Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Nilimpeleka marehemu mama yangu pale siku ya Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, wakati Wakisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Alikataa kuondoka. Alikuwa akigonga kila chungu kwa kidole na kusikiliza mlio wake, kimoja baada ya kingine, mpaka jua likawa kali, na vile alivyovichagua tulivipikia miaka mingi bila hata kimoja kupata ufa. Safari nzuri kwa mama ni ile anayorudi nayo na kitu mkononi.

Dereva Mstaafu:
Ninajibu swali lililoulizwa. Njia zote mbili zinafika, lakini Desemba ni mwezi wa mvua na udongo wa sehemu zisizo na lami huteleza kama sabuni. Ukipitia Chimala, utakwenda na barabara kuu ya Tanzania na Zambia kupitia Inyala na Igurusi, takriban kilomita 80 kutoka Mbeya, ndipo uukabili ukingo wa mlima. Kupanda zile kona si tatizo kwa dereva mtulivu. Tatizo ni Jumapili, wakati wa kushuka.

Sasa nami nina swali. Umesema hulali vizuri. Nimeendesha malori kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijaona dereva anayekosa usingizi kwa sababu ya kuchagua kati ya njia mbili. Breki za gari lako zikoje?

Mgeni wa Uyole:
Asanteni nyote. Mzee wangu Dereva Mstaafu, shikamoo. Gari lipo katika hali nzuri, matairi ni mapya na mafuta ya injini yamebadilishwa juzi. Mzee wa Tukuyu, Matema ni kuzuri, lakini nyumba ya kulala Matamba nimeshailipia na siwezi kumbadilishia mama ahadi.

Dereva Mstaafu:
Marahaba. Nimeuliza breki, umenijibu matairi.

Mgeni wa Uyole:
Ni sawa, nitaeleza, ila ninaomba jambo hili lisikuzwe. Mwezi uliopita nilikuwa nikirudi kutoka Tukuyu jioni. Nilipopita Isyonje na kuanza kuteremka kuelekea Igawilo, kulikuwa na ukungu na lori mbele yangu, hivyo nilishika breki karibu muda wote. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha kanyagio likawa laini na kuzama zaidi ya kawaida. Nilisimama pembeni kwa muda, na nilipoondoka breki zilishika vizuri mpaka nyumbani. Fundi wa karibu na ninapoishi aliongeza mafuta ya breki akasema gari ni zima, na tangu siku hiyo ninaliendesha mjini bila shida yoyote.

Kwa nini sikulitaja mapema? Gari ni la kaka yangu mkubwa, aliniachia alipohamishiwa Dodoma. Nikimwambia habari za breki atalichukua, nami nimeshamwahidi mama, nimeshalipia malazi, na mke wangu ameshawaambia ndugu zake wote. Ndiyo maana niliuliza njia, nikitumaini kwamba mojawapo ina mteremko wa taratibu zaidi.

Fundi wa Mbalizi:
Ndugu yangu, tafadhali nisikilize kwa makini. Ulichokipata siku ile ni breki kuchemka. Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, pedi na diski hupata joto kali, na joto hilo hufika mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yakikaa muda mrefu bila kubadilishwa huchemka mapema kuliko yanavyotakiwa. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi. Ndipo kanyagio linapozama bila gari kushika. Ukipumzika, joto hupungua na breki hurudi, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika kwamba tatizo limekwisha.

Tena, kuongeza mafuta hakujatibu kitu. Kama yalikuwa yamepungua, basi ama pedi zimelika ama kuna mahali yanavuja. Gari lifunguliwe magurudumu yote manne, pedi zipimwe, mipira ikaguliwe, mafuta ya zamani yatolewe yote na kuwekwa mapya, kisha upepo utolewe kwenye mfumo. Hiyo ni kazi ya siku moja. Breki za mjini Uyole hazikuambii lolote kuhusu kona za Chimala.

Mama Wawili:
Mimi nitasema lile ambalo wanaume hawalisemi. Umebeba mali ya ndugu yako na roho ya mama wa mwenzio, halafu unaogopa aibu ya kuvunja ahadi kuliko unavyoogopa mteremko. Mke wako anajua habari ya kanyagio? Na huyo mama ana umri gani, na afya yake ikoje? Mtu akitoka usawa wa bahari na kupelekwa juu kiasi kile, kule ambako hewa ni nyepesi, ni vyema aulizwe.

Mgeni wa Uyole:
Dada yangu, mke wangu anajua kwamba tulisimama njiani, sikumweleza zaidi ili asiingiwe na hofu. Mama amevuka miaka 60 na anatumia dawa za presha, lakini ana nguvu na shambani anakwenda mwenyewe. Ninajua ninachokifanya. Ninaendesha taratibu sana, na wapo wanaopanda Matamba kila siku kwa magari mabovu kuliko hili.

Kalamu Nyekundu:
Ndugu zangu, mimi nimeusoma uzi huu tangu juu na ninaona tunatungiwa hadithi. Mwanzoni aliandika "gari langu", sasa limekuwa la kaka aliyehamishiwa Dodoma. Mwanzoni gari lilikuwa zima, likawa la kuchemka breki. Mama hakuwa na ugonjwa, sasa ana presha. Kila anapoulizwa, hadithi inaongezeka chumba. Ninahisi huyu ni mtu anayetaka watu wajadili Kitulo na nyumba za kulala za Matamba, na wiki ijayo atatuletea namba ya simu ya kukodisha magari.

Mzee wa Tukuyu:
Nami nilishangaa kidogo. Mtu anayeishi Uyole na kwenda Tukuyu anakosaje kujua kwamba gari huteremshwa kwa gia?

Mgeni wa Uyole:
Imeniumiza kusoma hayo. Niliandika "gari langu" kwa sababu ndilo ninaloliendesha kila siku. Kuhusu kuteremka kwa gia, leseni niliipatia Dar es Salaam, ambako mlima wa kujifunzia ni daraja la juu la barabara, na gari la otomatiki nililizoea kwa D na R basi. Yeyote anayetilia shaka aende Isyonje. Mkono wa kushoto ukitokea Tukuyu, kinamama hupanga viazi kwenye ndoo vikiwa vimelundikwa juu mpaka vinakaribia kuanguka. Nilisimama mbele kidogo ya hapo, na mama mmoja alinipa jiwe nikaweka nyuma ya tairi kabla hata sijamwomba. Aliniambia kwamba hutunza mawe pale kwa ajili ya watu kama mimi.

Binti Kinga:
Hayo mawe ninayafahamu. Kalamu Nyekundu, hata kama hadithi ingekuwa ya kutungwa, mteremko haukutungwa, na kuna mwingine anayesoma hapa kimya akiwa na gari la namna hiyohiyo. Tuendelee kujibu.

Dereva Mstaafu:
Naam, tuendelee. Mgeni wa Uyole, mwite kaka yako leo, kabla ya mkeo na kabla ya fundi. Mpigie na umwambie maneno yaleyale uliyotuandikia kuhusu harufu na kanyagio. Kaka mkubwa aliyekuachia gari hakukuachia ili akusikie ukiwa hospitali.

Gari likishafunguliwa na kuthibitishwa, jifunze kutumia zile alama nyingine kwenye gia, L na 2, yaani gia za chini, au namna yoyote gari lako linavyoziandika. Wazee wetu wa malori walitufundisha kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo uushukie. Ukiteremka kwa 2 au L, injini yenyewe hulizuia gari, nawe unagusa breki kidogo unapokaribia kona na kuiachia ipoe. Usiweke N, yaani gia huru, kwenye mteremko hata kama mtu atakuambia unaokoa mafuta. Jizoeze kwanza ukiwa peke yako, kwenye mteremko huohuo wa kwenda Igawilo, asubuhi, barabara ikiwa kavu.

Kuhusu njia, kwa mtu wa hali yako nisingekutuma kona 57 mwezi Desemba, hata baada ya matengenezo. Pitia Isyonje ukiwa umeulizia hali ya barabara siku hiyohiyo, au kodi gari la juu lenye dereva wa huko.

Mgeni wa Uyole:
Nimempigia kaka. Alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akanipa jina la fundi wake wa Soweto, hapahapa Mbeya, na kusema atalipa nusu ya gharama. Gari limefunguliwa leo. Pedi ya mbele kushoto imelika mpaka karibu na chuma, na mafuta ya breki yaliyotoka yalikuwa meusi. Mke wangu nimemweleza, naye amekasirika, na ana haki. Amesema mama aonwe na daktari hapa Mbeya akishapumzika, ndipo tuamue kupanda au la. Hata hivyo Matamba sijafuta. Mwenye nyumba amekubali kutusogezea tarehe mpaka Januari, kwa hiyo bado ninaulizia anayejua dereva mwaminifu wa kutupandisha kupitia Isyonje.

Fundi wa Mbalizi:
Waambie wabadilishe pedi za pande zote mbili za mbele kwa pamoja, wasibadilishe ya kushoto peke yake, la sivyo gari litavuta upande mmoja kila ukishika breki.

Binti Kinga:
Januari maua yatakuwa yamejaa kabisa. Ondokeni alfajiri, kwa sababu mchana ukungu na mvua hushuka na hamtaona kitu. Kwa dereva, ulizia Isyonje pale kwenye viazi. Magari yanayobeba mizigo kwenda Kikondo hupakia hapo, na wale kinamama wanawajua madereva wote, wanajua pia nani anakunywa pombe na nani hanywi. Mama mfungieni sweta mbili na blanketi la magotini.